Sura ya Sita: Jua la Saa Nne Usiku

Mwuza miwani hakusubiri kuitwa mara mbili. Alipigiwa simu saa mbili asubuhi, na saa mbili na nusu alikuwa ameshakaa kwenye kiti cha mbao cha chumba cha mahojiano, suti imenyooka, viatu vinang'aa, bahasha ya kaki imelala mapajani kama mtoto aliyeshiba.

Inspekta aliyemwita alijulikana kituo kizima kwa jina la Mizani, maana hakuwa na desturi ya kulipokea neno la mtu kabla hajalipima. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na mitano, mfupi, mwenye sauti ya chini, na watu wasiomjua walimdhania karani wa mafaili. Wengi walijuta kwa dhana hiyo. Pembeni yake alikaa Sajini, mtu wa makamo mwenye tumbo la heshima, kalamu mkononi.

"Pole tena kwa msiba," Mizani alianza.

"Tumeshapoa, Inspekta. Kazi ya Mungu haina makosa."

"Hii ilikuwa kazi ya mto wa kochi," Sajini alisema bila kuinua uso.

Ndivyo ilivyokuwa. Jumatano ya wiki iliyopita, kati ya saa tisa na saa kumi alasiri, mkunga mstaafu wa miaka sabini na minane alikandamizwa mto usoni, kwenye kochi lake mwenyewe, mpaka akakata roho. Mlango haukuvunjwa. Muuguzi aliyekuwa akimtunza alisema alikuwa ametoka kwenda kuchukua dawa, na kwamba alipoondoka aliufunga mlango kwa ufunguo. Funguo zilikuwa mbili tu, wa marehemu na wake. Mkuu wa kituo alizihesabu funguo akaona zinatosha, na muuguzi akawekwa mahabusu. Siku iliyofuata mahojiano haya, Ijumaa, saa tatu asubuhi, alikuwa apandishwe kizimbani kwa kosa la kuua.

Mizani hakuridhika. Ndani ya kikapu cha ushoni cha marehemu alikuta barua ya ofisi ya ardhi. Bibi yule alikuwa ameitwa Alhamisi, siku moja tu baada ya kifo chake, aeleze kama sahihi iliyoiuza nyumba yake ilikuwa yake kweli. Na aliyepeleka hati yenye sahihi hiyo alikuwa mtoto wa kaka yake, yaani huyu huyu mwuza miwani. Sababu ya kuua ilikuwepo, tena nene. Shida ilikuwa moja. Jumatano ile, saa ya mauaji, mwuza miwani alikuwa angani, safarini kwenda kwenye maonyesho ya miwani katika mji ulio upande wa pili wa dunia.

"Nieleze safari yako," Mizani alisema. "Safari ya kwenda. Tangu ulipotoka nyumbani."

Mwuza miwani akaisogeza bahasha mezani. "Kila kitu kimo humu. Tiketi, pasipoti, hoteli. Hata risiti ya teksi nimeitunza."

"Karatasi nitazisoma. Sasa nataka kukusikia wewe."

Mtu yule akatabasamu, kama anayeombwa wimbo anaoujua. Alitoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi, peke yake, kwa teksi. Ndege iliruka saa tatu na dakika ishirini. Kiti chake kilikuwa cha thelathini na moja, dirishani. Safari ilichukua saa kumi na nne na dakika arobaini, hakuna kituo cha njiani. Walikula kuku na viazi. Jirani yake alikuwa mwanamke aliyekoroma.

"Saa yako ya mkononi uliibadilisha?"

"Sikuigusa mpaka nilipotua. Ilikuwa ya hapa nyumbani."

"Na giza liliingia saa ngapi?"

Aliliuliza hilo kama mtu anayeuliza bei ya nyanya. Hakuwa na hila yoyote kichwani wakati ule. Kwa miaka kumi na minane alikuwa amewauliza watu wote swali hilo, wezi wa kuku kwa wauaji, kwa sababu alijifunza mapema kwamba mwongo hukariri saa akasahau mwanga.

"Giza? Kama kawaida tu. Saa kumi na mbili na robo hivi. Nilikuwa nimeegemeza kichwa dirishani." Akainama mbele, sauti ikapata ladha. "Nakwambia, Inspekta, kama hujaliona jua likichwa wewe uko juu ya mawingu, bado hujaona kitu. Jekundu, kama kaa la moto. Likazama taratibu, nyota zikatoka. Nikajifunika blanketi, nikalala mpaka waliponiamsha nifunge mkanda."

"Uliliona kwa macho yako?"

"Kwa macho yangu haya, tena nyuma ya kioo kizuri kuliko vyote dukani kwangu." Akaigusa miwani yake, akacheka peke yake.

Sajini aliyaandika maelezo yote. Mizani akayasoma kwa sauti toka mwanzo hadi mwisho, akamuuliza kama kuna la kuongeza au kupunguza. Hakuna, alisema mwuza miwani. Akatia sahihi kurasa tatu, kila moja chini, kwa mkono usiotetemeka.

"Usisafiri bila kunijulisha," Mizani alimwambia mlangoni.

"Nisafiri tena? Mgongo wenyewe bado unanilaumu."

*

"Huyu kaponyoka, afande," Sajini alisema mlango ulipofungwa. "Tumetwanga maji kwenye kinu."

Mizani alikuwa anazipanga karatasi mezani moja moja, kama mtu anayepanga karata. Siku mbili nzima walizitumia kwenye dhana kwamba mwuza miwani alipanda ndege kisha akashuka kabla haijaruka. Dhana hiyo ilikufa Jumanne. Uwanja wa ndege ulithibitisha kwamba abiria waliohesabiwa ndani walikuwa sawa na waliopita langoni, na jina lake limo kwenye orodha. Pasipoti ilikuwa na muhuri wa kutoka hapa na muhuri wa kuingia kule, tarehe moja. Hoteli nayo ilijibu kwamba mgeni alifika akalala usiku tatu. Karatasi zote zilikuwa safi.

Mwisho wa mstari ilibaki risiti ya teksi ya kule, kikaratasi chembamba chenye wino uliofifia. Mizani akakiinua kwenye mwanga wa dirisha.

"Sajini, 17:48 ni saa ngapi kwa maneno ya mama yako?"

"Saa kumi na moja na dakika arobaini na nane. Jioni."

"Ya siku gani?"

Sajini akakodoa macho. "Jumatano. Jumatano ile ile."

"Basi nisaidie, maana hesabu hunitoa jasho. Mtu ameondoka hapa Jumatano asubuhi. Jumatano hiyo akiwa angani, jua likachwa, nyota zikatoka, akalala usingizi mzito. Halafu akashuka, akapanda teksi, na bado ni Jumatano, jioni, jua halijachwa. Ule usiku aliolala ndani yake ulitokea wapi, na ulikwenda wapi?"

"Tofauti ya majira, afande. Kule wako nyuma yetu kwa saa saba."

"Najua wako nyuma. Ndege ilitua ikiwa saa sita za usiku kwetu, na kule saa kumi na moja za jioni. Hilo linanipa saa aliyoshuka. Halinipi giza."

"Labda njiani walipita sehemu yenye usiku, halafu wakatoka upande wa pili wenye mchana."

"Labda," Mizani alisema. Safari yake ya angani ndefu kuliko zote maishani ilikuwa ya saa mbili, na aliitumia yote akiwa ameshika kiti cha mbele. "Mimi sijui. Wewe hujui. Twende kwa anayejua."

*

Anayejua alikuwa rubani mstaafu aliyekuwa akifundisha katika chuo cha urubani, mtu mrefu mkavu aliyeitwa Kapteni hata na mkewe. Walimkuta darasani wakati wa mapumziko, anakula ndizi huku anasahihisha mitihani. Mizani alimtajia miji miwili na saa ya kuondoka, bila kumweleza kesi.

Kapteni hakugusa kompyuta. Alitoa kabatini tufe la dunia lenye kovu mahali lilipoanguka, akachukua uzi wa kushonea, akauweka ncha moja kwenye mji wao na ncha ya pili kwenye mji wa mbali, akauvuta mpaka ukakaza.

"Watu huangalia ramani ya ukutani wakadhani ndege inakwenda hivi," alisema, akichora mstari hewani. "Lakini dunia ni mviringo. Njia fupi ni hii ya uzi. Kilomita elfu kumi na moja na mia nane. Kwenda ni saa kumi na nne na dakika arobaini, kwa sababu upepo wa juu unakupiga usoni. Kurudi unakusukuma mgongoni, unaokoa saa nzima na zaidi."

"Na giza, Kapteni? Ukiondoka saa tatu na dakika ishirini asubuhi, giza linakukuta wapi?"

"Majira haya ya mwaka?" Kapteni akacheka. "Halikukuti."

Sajini akaacha kuandika.

Kapteni akamwomba ashike tochi, aielekeze kwenye tufe bila kuitikisa. Akaweka kidole kwenye mji wao, akaanza kulizungusha tufe polepole huku kidole kikitembea juu ya uzi, kuelekea magharibi. "Mwanga wa Sajini ndio jua. Dunia inazunguka kwenda mashariki, na ndege yako inakwenda magharibi. Unalifukuzia jua. Lenyewe lina mbio kukushinda, hulipati, lakini halikuachi mbali. Angalia kidole changu. Kimeingia kivulini?"

Hakikuingia. Kilifika mwisho wa uzi kikiwa bado kwenye mwanga.

"Saa ya mkononi itakuhesabia saa kumi na nne na dakika arobaini," Kapteni aliendelea. "Jua litakuhesabia saba na dakika arobaini tu, maana zile saba nyingine umezirudisha. Umeondoka asubuhi, umefika jioni. Katikati ni mchana mmoja mrefu. Kule jua lenyewe linachwa saa mbili na nusu usiku wakati huu."

"Abiria anaweza kudhani ni usiku?"

"Anaweza. Wahudumu huwaambia wafunge vifuniko vya madirisha ili watu walale. Ndani kunakuwa giza la chumbani."

"Lakini aliyekaa dirishani akaliona jua likizama, na nyota?"

Kapteni alilitupa ganda la ndizi kwenye kapu. "Huyo, mwanangu, hakuwa kwenye ndege hiyo. Huyo alikuwa ameketi chini huku huku, akahesabu kwa saa ya ukutani. Akajiambia, saa kumi na mbili na robo lazima jua lichwe. Na kweli lilichwa. Kwetu."

Mizani aliukunja uzi taratibu, akaomba ruhusa ya kuondoka nao. Alikuwa ametulia kabisa, utulivu wa fundi aliyeona ufa unaanzia wapi.

*

"Tuseme hakupanda," Sajini alisema ndani ya gari. "Lakini pasipoti yake ilipanda. Muhuri haugongwi hewani."

"Pasipoti ilipanda, na ilikuwa na mtu. Mtu mwenye uso wa picha ile." Mizani akamgeukia. "Ulikuwepo mazishini Jumatatu. Nani alikuwa anashika jeneza mbele, upande wa kushoto?"

Sajini akapiga usukani kwa kiganja. "Mdogo wake! Fundi saa. Mama yangu! Wamefanana kama shilingi kwa ya pili. Nilimpa mkono nikampa pole kwa jina la kaka yake."

Duka la fundi saa lilikuwa chumba kimoja cha barabarani chenye kioo mbele, kati ya mshona viatu na muuza vifaa vya umeme. Mizani hakuingia moja kwa moja. Alivua kiatu cha kulia, akampa mshona viatu akaze kisigino, akakaa kwenye kiti kidogo akapiga soga.

"Jirani yako huyu ana wateja wengi?"

"Mikono yake ina baraka, mama. Ila wiki iliyopita alitutisha. Alibandika tangazo mlangoni, fundi anaumwa. Jumatano mpaka Jumapili, mlango umefungwa."

"Alikuwa nyumbani kwake?"

"Humo humo dukani, kuna kitanda nyuma. Nilisikia redio inasema pole pole. Alhamisi nikamgongea nimpe uji, akajibu tu kwa ndani, niache nilale. Sauti ilikuwa nzito. Homa mbaya ile, inabadilisha mtu kabisa."

"Inabadilisha kweli," Mizani alisema, akalipa, akavaa kiatu.

Fundi saa alikuwa ameinamia mashine ya saa ndogo ya kike, lenzi jichoni. Aliinua uso, na kwa nukta moja Mizani aliona mwuza miwani bila miwani. Uso ulikuwa ule ule. Lakini huyu alikuwa na macho ya mtu ambaye hajalala siku nyingi.

Mizani alijitambulisha, akamtambulisha Sajini, akauliza kama amewahi kupanda ndege.

"Mimi? Hapana. Nitakwenda wapi?"

"Sawa. Basi nisaidie kwa ujuzi wako wa saa. Saa iliyowekwa majira ya hapa nyumbani inasema saa nne usiku. Nje jua linaweza kuwa linawaka?"

Koleo ndogo ikatoka vidoleni mwa fundi, ikalia juu ya kioo cha meza. Hakuiokota.

Mizani akafungua maelezo, akasoma ukurasa wa pili, polepole, bila kutia chumvi. Jua jekundu kama kaa la moto. Nyota zikatoka. Nikajifunika blanketi. Alipomaliza, fundi saa alikuwa ameitoa lenzi jichoni na kuishika kiganjani.

"Hayo kayasema nani?"

"Kaka yako. Leo asubuhi. Ametia sahihi."

"Kwa nini aseme aliliona jua? Yeye hakuwa..."

"Alikwambia nini kuhusu safari ile?"

Fundi aliigeuza lenzi kiganjani. Nyuma yake saa thelathini za ukutani ziligonga kila moja kwa wakati wake. Mizani alimwachia kimya. Kwa uzoefu wake kimya kilifungua vinywa vingi kuliko makofi.

"Unajua kuna muuguzi yuko mahabusu," alisema hatimaye. "Kesho saa tatu asubuhi anasomewa shtaka la kumuua shangazi yenu. Kaka yako hashukiwi, kwa sababu wakati mto unakandamizwa, yeye alikuwa kiti cha thelathini na moja, dirishani. Hiyo ndiyo kinga yake. Hana nyingine."

Maana iliingia polepole. Mizani aliitazama ikiingia. Kwanza paji la uso lilikunjamana, kama la mtu anayejumlisha. Kisha midomo ikasogea bila sauti. Kisha mkono wenye lenzi ukashuka mezani na kubaki pale.

"Alisema ni masikio," fundi saa alinong'ona. "Kwamba daktari kamkataza kupanda ndege, na maonyesho hayawezi kukosa mtu, na viza ilichukua miezi. Alisema nenda wewe, tunafanana, kagonge muhuri, kaa kwenye meza yetu siku tatu, ule maisha. Yeye atalala hapa dukani ili mkewe asijue kwamba hakusafiri." Akaifunika lenzi kwa kiganja. "Niliporudi Jumapili nikampa pasipoti, akaniambia Shangazi ameuawa na yule muuguzi. Akasema tukilitaja la pasipoti tutafungwa wote bure. Nikanyamaza. Inspekta, shangazi yule ndiye aliyetuzalisha. Mimi na yeye. Ndiye aliyetukata vitovu."

"Kabla hujaendelea," Mizani alisema, "kusafiri kwa pasipoti ya mtu ni kosa, na huenda ukashtakiwa. Si lazima useme neno jingine bila wakili. Nakwambia mapema usije ukasema nilikupaka mafuta kwa mgongo wa chupa."

Fundi saa akasimama. Akaifunika ile saa ya kike kwa kikombe ili vumbi lisiingie, akachukua ufunguo kwenye msumari.

"Umesema ni kesho asubuhi?"

"Saa tatu."

"Basi twende."

Aliyaeleza yote kituoni, wakili wa zamu akiwa pembeni. Alitoa mfano wa mwandiko wake, na ulilingana na ule wa nakala ya kitabu cha wageni iliyotumwa na hoteli, herufi kwa herufi. Alama za vidole zilizochukuliwa mpakani kule zingeombwa rasmi. Zingechukua wiki, lakini zingefika. "Na jua?" Mizani alimuuliza mwishoni, kwa ajili ya rekodi. Fundi alisema aliitazama saa yake mkononi ikasema saa nne usiku. Akainua kifuniko cha dirisha kidogo tu, jirani asiamke, akalikuta jua limekaa pale pale juu ya mawingu kama limepigiliwa misumari.

*

Saa kumi alasiri mwuza miwani aliitwa tena. Safari hii alichelewa dakika ishirini, na viatu havikung'aa sana. Mizani alimweka kiti kile kile. Mkuu wa kituo alikuja mwenyewe, akasimama ukutani, mikono nyuma.

"Kuna jambo dogo," Mizani alisema. "Ndege uliyopanda haikukutana na usiku. Kilomita elfu kumi na moja na mia nane, mchana mtupu. Ningependa unieleze lile jua lililozama."

Mtu yule hakuwa mjinga. Akaivua miwani, akaifuta kwa tai.

"Nimechanganya. Hiyo ilikuwa safari ya kurudi. Mtu ukiruka sana siku zinachanganyika."

"Nilikuuliza safari ya kwenda. Umetia sahihi kurasa tatu."

"Basi ni kosa la kumbukumbu, Inspekta. Kosa la kumbukumbu nalo siku hizi ni jinai?"

"Hapana," Mizani alisema. "Si jinai."

Mkuu wa kituo alikohoa. Mwuza miwani akairudisha miwani puani, akapata tena ule unyoofu wake wa asubuhi, akaanza kuinuka. "Kama ni hilo tu, nina wateja wananisubiri."

"Ni hilo tu. Sajini, mfungulie mlango."

Sajini akaufungua. Kwenye korido, hatua mbili kutoka kizingitini, alikuwa amesimama fundi saa kati ya askari wawili. Ndugu wale walitazamana. Ilikuwa kama mtu amejikuta ghafla mbele ya kioo ambacho hakukitarajia.

Damu ilimpanda mwuza miwani usoni. Alisahau chumba, akasahau mkuu wa kituo, akasahau kalamu ya Sajini.

"Si uliniambia ulilala njia nzima?" alifoka. "Nilikuuliza! Si ulisema ulilala, hukuona kitu?"

Mwuza miwani aliyasikia maneno yake mwenyewe yakimrudia kutoka ukutani, na mkono wake ukapanda polepole mdomoni, umechelewa.

Fundi saa alijibu kwa sauti ndogo, wala hakuwa na hasira. "Nilikudanganya. Habari ile ya jua sikutaka kukupa wewe. Nilikuwa namwekea Shangazi. Nilijua atacheka."

Mwuza miwani akakaa chini bila kuambiwa.

"Umeandika?" Mizani aliuliza.

"Neno kwa neno, afande," Sajini alisema. "Na nukta zake."

Mizani akamsomea mshukiwa haki zake, akamweleza kosa analoshtakiwa nalo, kumuua mkunga mstaafu, shangazi yake wa damu, aliyemfungulia mlango kwa mkono wake mwenyewe. Kisha akamgeukia mkuu wa kituo, akanyoosha kiganja. Mkuu aliutazama mkono ule. Akatoa funguo za mahabusu mfukoni, akampa.

Muuguzi alikuwa amekaa kwenye sakafu ya saruji, mgongo ukutani, magoti yamekumbatiwa. Aliposikia kufuli, aliinuka haraka na kujifunga kitambaa kichwani vizuri, kwa sababu alidhani wamekuja mapema kumpeleka mahakamani, na hakutaka kwenda mbele ya watu ovyo ovyo.

"Ni leo?" aliuliza. "Si mlisema kesho?"

"Hakuna kesho, dada," Mizani alimwambia, akausukuma mlango mpaka ukagonga ukuta. "Tumempata. Nenda nyumbani kwako."

Mwanamke yule hakutoka mbio. Alikuja mpaka mlangoni, akasimama hapo kizingitini, mguu mmoja ndani na mmoja nje. Kisha akaushika mkono wa inspekta kwa mikono yake yote miwili, akalia kwa sauti, na Mizani, ambaye hakuwa mtu wa kukumbatiwa, akamwacha alie begani mwake mpaka alipotosheka.